Kibastola cha kupima joto kwenye breki za tela ya boti: uzoefu wangu

Kibastola hiki unakielekeza kwenye kitu, kinasoma joto lake bila kugusa. Nilikinunua Sh 45,000 duka la vifaa vya umeme hapa Dodoma, baada ya kuchoka kunusa. Kabla ya hapo kipimo changu kilikuwa pua. Nikitoka na boti kwenda bwawa la Mtera, nikishapita Mpunguzi tu, harufu ya breki kuungua inaingia dirishani. Nasimama, nalowanisha kidole kwa mate, nagusa dramu, lile bakuli la chuma la breki kwenye gurudumu: tsss! Basi, hiyo ndiyo ilikuwa taarifa yangu yote.

Tela yenyewe ni ya mtumba, ekseli moja, breki za dramu za mafuta. Breki hizi haziungani na pedeli ya gari. Gari likipunguza mwendo, tela inakuja kulisukuma, mkono wake wa mbele unaingia ndani na kukandamiza masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki, mafuta yanakwenda magurudumuni. Gari likivuta tena, mkono unatoka, mafuta yanarudi, breki zinaachia. Zangu hazikuwa zinaachia.

Fundi wa kwanza, ambaye simtaji wala gereji yake siitaji, alinisikiliza, akagusa gurudumu la kulia ambako nilimwambia harufu inatokea, akasema ni beringi. Tukabadili. Ile ya zamani kweli ilikuwa na grisi nyeupe kama uji, kwa hiyo nikaamini. Safari iliyofuata harufu ile ile. Akasema breki shuu. Nikalipa tena.

Nilianza kwa kuazima kile cha enzi za Korona alichonacho shemeji yangu. Kikaandika "Hi" kikanyamaza. Kile ni cha paji la uso wa binadamu, joto likishapita nyuzi arobaini na kidogo hakina tena la kusema. Hiki cha mafundi kinafika 400. Hapo panatosha, maana mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, na yakishanyonya maji kiwango chake kinashuka hadi 140. Tela inayozamishwa majini kila safari, hesabu unaijua.

Nikapima barabarani, sehemu ya tambarare kabla ya kuanza kuteremka Fufu, nikiwa nimeenda kilomita kadhaa bila kugusa breki. Gurudumu la kulia: 154. Nilikuwa nimeshageuka kurudi garini, nikasema ngoja nimalizie na la kushoto. 147.

Nilisimama pale kama nimepigwa na butwaa. Miezi yote ile harufu ilitoka kulia kwa sababu dirisha langu la dereva liko kulia!

Nikampelekea namba hizo mzee mmoja fundi breki kule Kizota. Hakugusa gurudumu. "Mwanangu, watoto wawili wakiugua siku moja, nenda kaangalie chakula walichokula." Akaniambia nizunguke uwanjani nikifunga breki mpaka tela ikamate, akaipiga jeki, magurudumu yote mawili magumu. Akalegeza paipu pale inapotoka kwenye masta silinda. Tone mbili tatu, magurudumu bado magumu. Akaikaza tena kwa spana, akaenda kufungua nipeli ya kutolea upepo gurudumu la kushoto. Mafuta yakaruka, na lile la kulia, ambalo hakuligusa kabisa, likazunguka lenyewe kwa kidole.

Basi ubaya ulikuwa katikati, kwenye kipande cha paipu ya mpira kinachotoka kwenye chesisi kwenda ekseli. Kwa nje kilikuwa kizima, hata ufa hakina. Alipokichana kwa wembe, ndani mpira umevimba, tundu lililobaki sindano inapita kwa kubembeleza. Ukifunga breki, nguvu inayapitisha mafuta. Kurudi hayana nguvu kama hiyo ya kuyasukuma. Paipu mpya, tukatoa upepo, na safari iliyofuata pale pale kabla ya Fufu nikasoma 61 na 58.

Sasa ubaya wa kibastola. Chuma kinachong'aa kinakidanganya: kifuniko cha habu, kile kitovu cha gurudumu chenye beringi, kilisoma 39, nikakigusa, nikaungua. Nimepaka doa la rangi nyeusi isiyong'aa kila ninapopima, sasa kinasema kweli. Kile kidoa chekundu cha mwanga wa kulengea, jua la saa saba Dodoma hukioni, na eneo linalopimwa ni kubwa kuliko kidoa hicho, kwa hiyo sogea karibu. Betri yake ya volti 9 ilinifia kwenye boksi la spana.

Siku hizi nikifika Mtera napima habu kwanza kabla ya kurudisha tela majini. Habu ya moto ikizama ghafla, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupita kwenye sili, ule mpira wa kuyazuia. Ule uji wa kwenye beringi nadhani ndiko ulikotoka.

Nakipa nyota nne. Ya tano ningekipa kingekuja na mfuko. Hivi sasa kinalala kwenye soksi yangu.