Patti LuPone au Elaine Paige, nani Evita wenu?

Mashabiki wa Evita, ule mchezo wa jukwaani wa nyimbo kuhusu Eva Perón, mke wa rais wa Argentina, hawajawahi kukubaliana nani aliicheza nafasi hiyo vizuri zaidi. Elaine Paige ndo alianza pale London 1978, Patti akaicheza Broadway kule New York kuanzia 1979 na mwaka uliofuata akabeba Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani Marekani. Paige matamshi yake safi kabisa, kila neno unalisikia, na ule wimbo wa kwenye roshani, Don't Cry for Me Argentina, anauimba kama mtu anayeomba apendwe kweli, unamwonea huruma hata kama hutaki.

Sasa Patti ni kitu kingine, sauti inapanda juu kama king'ora na mwenyewe keshasema ile kazi ilimtesa koo, wasiompenda wanasema anameza maneno na anapiga kelele tu, na kwenye maneno nakubaliana nao kidogo, ila Eva Perón alikuwa mwanamke mwenye njaa ya madaraka jamani, na hiyo njaa naisikia kwa Patti kuliko kwa mtu yeyote.

Wengine hawamtaki kwa tabia yake, mara kasimamisha shoo kugombeza mtu anayepiga picha, mara kampokonya mtazamaji simu 2015. Mi naona alikuwa sahihi, watu wamelipa hela nyingi kukaa pale.

Wote wawili waliicheza pia Norma Desmond, yule nyota wa filamu aliyechuja kwenye Sunset Boulevard, Patti 1993 London, Paige baadaye, na hapo nampa Paige. Evita lakini ni ya Patti.