Nilivyoitoa Sienna yangu kwa shirika la hisani

Sienna yangu ya 2006 ilinibeba miaka kumi na miwili, zamu za mchana na za usiku, watoto wakisinzia siti ya nyuma. Mwaka huu giaboksi ilianza kuteleza, na fundi akaniambia kuitengeneza kutazidi thamani ya gari lenyewe. Kumuuzia mtu bila kumwambia ubovu wake, roho ilikataa. Nikaamua kulitoa kwa hisani. Hapa Marekani ni jambo la kawaida: unapiga simu, wanakuja kulichukua hata kama haliwaki, linauzwa, na fedha inakwenda kwenye kazi ya shirika. Nimepita kwa watu wawili, na wametofautiana sana.

Wa kwanza niliwaona kwenye tangazo. Simu ilipokewa haraka, kwa adabu. Nikauliza: gari likiuzwa, shirika linabaki na kiasi gani? Dada wa watu akajibu, "Inategemea." Nikauliza tena, akasema fedha zinasaidia watoto. Watoto wapi? Akanipeleka kwa mwenzake, na mwenzake akarudia yaleyale. Kumbe niliokuwa nikizungumza nao si shirika lenyewe, ni dalali anayekusanya magari kwa niaba ya mashirika. Udalali wenyewe si kosa. Shirika dogo halina yadi wala gari la kuvuta. Lakini dalali anakata chake kwanza, na mimi ninayetoa nina haki ya kujua anakata nini.

Kilichonifanya niachane nao ni hati ya umiliki. Walitaka nitie sahihi yangu, kisha nafasi ya jina la mpokeaji niiache wazi, wao watajaza. Nikasema hapana. Hati iliyo wazi inaweza kupita mikono mitatu bila jina la yeyote kuandikwa. Likifanya ajali au likitelekezwa barabarani, kwenye kumbukumbu za jimbo mwenye gari bado ni mimi.

Wasiwasi huu haukuanza na mimi. Mwaka 2003 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, ilifuatilia magari 54 yaliyotolewa. Katika theluthi mbili ya magari hayo, mashirika yalipata asilimia 5 au pungufu ya thamani ambayo watoaji walikuwa wameiandika kwenye fomu zao za kodi ili wapunguziwe. Mtu anaandika dola elfu kadhaa, shirika linaambulia kidogo sana. Sheria ikabadilishwa mwaka 2004, na tangu 2005 gari likiuzwa kwa zaidi ya dola 500, punguzo lako la kodi kwa kawaida haliwezi kuzidi bei lililouzwa.

Wa pili ni shirika linalopokea magari lenyewe. Kabla ya kupiga simu nililitafuta jina lake kwenye orodha ya mashirika yaliyosajiliwa ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, nikalikuta. Mama aliyepokea simu nilimuuliza swali lilelile, na jibu lake nalikumbuka vizuri: "Fundi wetu atalikagua. Likitengenezeka, tunampa mzazi asiye na usafiri wa kwenda kazini. Lisipotengenezeka linakwenda mnadani, tunalipa anayelivuta na ada ya mnada, kinachobaki chote ni chetu." Kisha akaniambia, kwa giaboksi kama hiyo, nisitegemee sana kwamba litapewa mtu. Angeweza kunidanganya nikafurahi. Hakunidanganya, na kwa hilo tu nampa alama zote.

Ila kwenye kulichukua gari waliniangusha. Waliniahidi Jumanne kati ya saa mbili na saa sita. Nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikakaa nasubiri. Dereva alikuja Alhamisi, bila hata simu. Wanaofanya kazi za zamu wanajua siku moja ya kubadilishana inalipwaje.

Dereva mwenyewe alikuwa mtu mwema. Nilikuwa nahangaika na pleti ya namba, kwa sababu kwenye jimbo letu pleti hubaki kwa mwenyewe, na boliti moja ilikuwa imeshika kutu. Alichukua kopo la oili kwenye gari lake, akapuliza, tukangoja kidogo, akaifungua kwa mkono. Nikamwambia mlango wa kushoto haufungi mpaka uunyanyue kwanza. Akaujaribu, akaunyanyua, ukaingia. Basi akatoa kalamu nyeupe, akaandika maneno hayohayo kwenye kioo, chini ya namba ya gari, ili atakayefuata asiuvunje. Alinipa risiti palepale. Jina la shirika tuliliandika kwenye hati nikiwa naona, na jioni ile nikaitaarifu ofisi ya magari ya jimbo kwamba gari si langu tena. Hatua hiyo msiiache. Bima nayo niliifuta baada ya hapo, si kabla.

Fomu 1098-C, ile ya kodi inayoonyesha gari ulilotoa liliuzwa bei gani, ilifika kwa posta wiki tatu baada ya mnada. Sheria inawapa siku 30 tangu gari liuzwe. Halikutengenezeka. Liliuzwa dola 685, na ndiyo iliyoandikwa. Kama ungependa kulitoa kwa ajili ya kodi, jua kwamba punguzo hilo linamfaa anayeorodhesha makato yake ya kodi moja moja. Anayechukua kile kiwango cha kawaida cha makato kilichopangwa na serikali, kama mimi, hapati kitu. Dalali yule wa kwanza alilisema punguzo mara tatu kwenye simu moja na hili hakuligusa.

Pamoja na fomu kulikuwa na karatasi nyingine ambayo sikuiomba: mnada ulikata kiasi gani, mvutaji alilipwa kiasi gani, na walichobaki nacho wanakitumia kununua vipuri vya gari lingine lililoko gereji kwao. Nimeiweka pamoja na pleti.

Mdogo wangu ana Corolla inayokaa tu nje. Mwezi ujao tunawapa hawahawa, na safari hii nitawaomba dereva apige simu siku moja kabla.