Uzoefu wangu: siku 9 Vietnam na shangazi, kwa kifurushi cha wakala

Nianze na treni, maana ndiyo iliyonikalisha chini nikaandika.

Siku ya tano ya safari tuliamkia Hanoi, saa moja asubuhi tukapakiwa kwenye basi dogo kwenda Ninh Binh, kusini mwa jiji, mwendo wa saa mbili hivi. Tukapanda mtumbwi, tukala, na ilipofika saa tisa na nusu mtembeza wageni wetu akaanza kupiga makofi: haraka, haraka, tuwahi treni ya usiku. Tukarudi Hanoi, foleni ya kuingia mjini ikatukamata, tukafika stesheni tunahema. Treni ikaondoka. Shangazi akajilaza kitanda cha chini, akavua soksi, akashika tasbihi yake. Baada ya saa mbili na kitu treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Akachungulia dirishani, akasoma bango herufi moja moja, akanigeukia.

"Mwanangu, hapa si ndipo tulipokuwa mchana?"

Ndipo. Bango lilisema Ninh Binh. Treni za Hanoi kwenda kusini zinasimama hapo, na abiria walikuwa wanapanda na mabegi yao bila wasiwasi wowote, wengine nywele bado mbichi kwa kuoga. Sisi tulikuwa tumetolewa mahali hapo hapo, tukarudishwa kilomita karibu mia moja, ili tuje tupitishwe tena usiku. Sikuwa na la kumjibu shangazi. Nilijifanya natafuta chaja.

Kifurushi chenyewe kilikuwa siku 9, dola 1,150 kwa kila mtu, tiketi ya ndege kando. Wakala yuko Dar, simtaji, kwa sababu nimeshaona ratiba kama ile ile kwa watu wengine, neno kwa neno, ni kama wamenakiliana. Hanoi, ghuba ya Ha Long, Ninh Binh, Hoi An, Saigon, delta ya Mekong. Ukiisoma kwenye karatasi unaona umepewa nchi nzima kwa bei ya mkoa. Nampa nyota 2 kati ya 5, na hizo mbili ni za mtembeza wageni wa Hanoi na yule mama aliyetupigia kasia.

Tatizo ni urefu wa ile nchi. Reli ya Hanoi hadi Saigon ni kilomita 1,726. Wanaoijua TAZARA, ile ya Dar hadi Kapiri Mposhi ni 1,860. Sasa fikiria mgeni anakuja kwetu, unamwambia utamtembeza njia ya TAZARA yote kwa siku 9, kila kituo picha mbili na chakula cha mchana. Ungeona haya. Sisi tuliuziwa hivyo na tukashukuru.

Na kwa urefu huo hali ya hewa haiwi moja. Tulikwenda mwisho wa Oktoba. Hanoi wakati huo ni pazuri mno, ubaridi kidogo wa asubuhi, jua halichomi. Lakini pwani ya kati, Hoi An na Hue, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mvua kubwa na mafuriko. Kila mtu wa kule anajua. Wakala hakusema. Tena kwenye tangazo lake kulikuwa na picha ya Ninh Binh, mto unapita katikati ya mpunga wa rangi ya dhahabu. Mpunga ule huiva mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Sisi tulikuta ulishavunwa zamani, maji tu na mabua.

Hata hivyo Ninh Binh ndipo roho yangu ilipobaki. Sehemu yenyewe inaitwa Tam Coc, maana yake mapango matatu. Mnapanda mtumbwi wawili wawili, na mpiga kasia wetu alikuwa mama wa makamo, amevaa kofia ya majani, ameegemea nyuma kama mtu anayepumzika barazani. Anapiga kasia kwa miguu. Nyayo zimekamata mpini, magoti yanakunjwa na kukunjuka, mikono iko huru, mmoja umeshika simu. Milima ya chokaa imesimama pande zote mbili, mbuzi wako juu huko hujui walipandaje. Pango la kwanza lina urefu wa mita 127 na dari yake iko chini, mpaka uinamishe kichwa. Mle ndani ni giza na ubaridi, unasikia matone tu na kasia. Shangazi, ambaye tangu uwanja wa ndege alikuwa hajaacha kusema, alinyamaza kuanzia hapo hadi tulipotoka upande wa pili.

Mbele huko, mtumbwi unapogeuza, kuna wauzaji wanaosogea na mitumbwi yao: soda, ndizi, na "mnunulie mama yenu kinywaji, amechoka." Ukinunua, mama anaiweka chini bila kuifungua, na fununu ni kwamba inarudi kwa muuzaji. Sisi tulinunua moja kwa heshima, tukampa mama bakshishi yake mkononi tuliposhuka. Afadhali hivyo.

Ningekuwa napanga mimi, ningelala Ninh Binh usiku 2, ningekodi baiskeli, ningepanda ngazi za mlima wa Hang Mua asubuhi kabla mabasi ya Hanoi hayajafika (ni karibu 500, magoti ya shangazi yasingekubali, angenisubiri chini), halafu ningekata tiketi ya treni kutokea pale pale. Ile stesheni nimeiota mara mbili.

Hanoi nayo ina mambo. Pesa kwanza. Dong ina sifuri za kutisha, lakini kwa Mtanzania hesabu ni rahisi: toa sifuri moja, unapata shilingi kwa kukadiria. Supu ya tambi, pho, ya dong 60,000 ni kama shilingi 6,000. Hatari iko kwenye rangi. Noti ya 20,000 ni ya buluu, na ya 500,000 nayo ni ya buluu, zote zina sura ya Ho Chi Minh, baba wa taifa lao. Karibu na ziwa Hoan Kiem shangazi alinunua mahindi ya kuchemsha kwa bibi mmoja, akatoa noti, tukaondoka. Tumeshafika kona ya pili tunasikia mtu anapiga kelele nyuma. Ni yule bibi, ameacha sufuria yake barabarani, anatukimbilia na ile 500,000 mkononi. Alikuwa anacheka huku amekasirika. Tangu hapo noti kubwa zilikaa kwangu, ndogo kwa shangazi.

Kuvuka barabara: pikipiki hazisimami. Unashuka, unatembea polepole, mwendo mmoja, husiti wala hukimbii, zenyewe zinakukwepa kama maji yanavyopita kwenye jiwe. Aliyezoea Kariakoo ana faida kidogo, ila kosa letu sisi ni kukimbia. Ukikimbia umeharibu hesabu za watu 40.

Sisi ni Waislamu, na nguruwe kule yuko kila mahali, hata kwenye supu usiyomdhania. Kaskazini nyama yake inaitwa thit lon, kusini wanasema thit heo, kwa hiyo neno ulilojifunza Hanoi linaweza lisikusaidie Saigon. Kilichotuokoa ni neno chay. Ukiona bango limeandikwa hivyo, ni chakula cha Kibudha kisicho na nyama kabisa. Hanoi kuna msikiti wa Al-Noor mtaa wa Hang Luoc, na Saigon kuna wa mtaa wa Dong Du, uliojengwa mwaka 1935, na karibu yake utapata migahawa ya halali. Wakala alikuwa ameniandikia "chakula halali kimepangwa". Kilichopangwa ni wali mweupe na yai.

Kahawa ni habari nyingine. Kwa kuzalisha, Vietnam ni ya pili duniani baada ya Brazil, na kwa robusta ndiyo ya kwanza. Ni kahawa ya aina ile ile ya Bukoba, kali, wanaichuja tone kwa tone juu ya maziwa mazito ya kopo. Hanoi wana ile ya yai: kiini kinapigwa na maziwa matamu mpaka kiwe povu, kinawekwa juu. Shangazi aliinusa, akauliza kama yai limeiva, kisha akanywa yake na nusu ya yangu.

Kaburi la Ho Chi Minh hatukuliona. Ratiba ilituweka Ijumaa, na Jumatatu na Ijumaa pamefungwa. Tukapiga picha kwa mbali na walinzi wenye magwanda meupe.

Ha Long sina mengi. Ni visiwa karibu 1,600 vya mawe vinavyotoka baharini, vimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1994, na ukiamka alfajiri kwenye sitaha ukiwa peke yako utaelewa kwa nini. Kilichoniudhi ni njiani: basi lilituingiza kwenye duka la lulu, dakika 45, eti kuchimba dawa. Choo kiko mwisho wa duka, unapita kaunta zote kwenda, unazipita zote kurudi.

Treni yenyewe, ukiiondolea ule upumbavu wa kurudishwa Hanoi, niliipenda. Vitanda vinne chumbani, shuka safi, chai ya moto. Asubuhi baada ya Hue inakata mlima wa Hai Van, chini yako ni bahari tupu na vijifukwe visivyo na mtu. Ukielekea kusini kaa upande wa kushoto. Sote na mizigo yetu tulikuwa koridoni kwa sababu hakuna aliyetaka kurudi kitandani.

Hoi An tulifikia mvua. Siku moja ilitosha, mto Thu Bon ukapanda, mitaa ya karibu na soko ikawa maji ya magotini na wenyeji wakatoa mitumbwi kama sisi tunavyotoa miavuli. Taa zao za karatasi na hariri zilikuwa zinawaka juu ya maji, na sitasema haikuwa nzuri. Lakini nusu ya tulivyolipia vilifungwa. Kwenye nyumba moja ya kale walituonyesha ukutani alama za maji ya kila mwaka wa mafuriko, mwaka umeandikwa pembeni, nyingine juu ya kichwa changu. Kama familia nyingine wanavyopima urefu wa watoto.

Mji ule ni wa mafundi cherehani. Shangazi alikuwa amebeba kitenge kutoka Newala bila kuniambia. Fundi, binti mdogo tu, alikuwa anapandisha majora yake ghorofani kukimbia maji, akaacha, akakinyoosha kile kitenge mezani, akakipapasa. Kesho yake saa kumi jioni shangazi alikuwa na ao dai ya kitenge, gauni refu lenye mpasuo pembeni na suruali yake chini, imemkaa kama ngozi. Dong 700,000, ushonaji tu. Hili halikuwa kwenye ratiba.

Saigon tulibakiwa na siku mbili. Ya kwanza mchana wote uliishia Cu Chi, kwenye mahandaki ya vita. Mtandao wake ulikuwa zaidi ya kilomita 200. Mimi niliingia mita chache, nikatoka kwa pupa. Ya pili ilikuwa Mekong, na ratiba ilisema "kutembelea watengenezaji wa pipi za nazi, Ben Tre". Shangazi aliomba nimsomee tena.

"Nikae garini saa mbili kwenda kuangalia nazi? Mimi?"

Hatukwenda, na pesa haikurudi. Kama umezaliwa pwani yetu, hiyo siku itumie mjini. Tulikwenda Dong Du, kisha sokoni Ben Thanh, na hapo shangazi akasimama mbele ya korosho. Wanazikaanga na chumvi, ganda jembamba halijatolewa. Amelima korosho miaka thelathini, ameuza kwa stakabadhi ghalani, na anajua vizuri kwamba korosho ghafi yetu nyingi hupakiwa meli kwenda Vietnam na India kubanguliwa. Alichukua moja, akaimenya kwa kucha, akaitafuna taratibu. Akauliza bei ya kilo. Nilipomgeuzia kwa shilingi, alitazama pembeni muda kidogo. "Muulize za wapi," akaniambia. Muuzaji akasema za hapa hapa. "Haya," shangazi akasema, akanunua nusu kilo.

Mengine ya haraka. Viza omba mwenyewe mtandaoni kwenye tovuti ya serikali yao: tangu Agosti 2023 iko wazi kwa nchi zote, dola 25 kuingia mara moja, hadi siku 90. Wakala alitutoza 70. Laini ya simu nunua ya Viettel. Ndiyo kampuni iliyoanzisha Halotel kwetu, shangazi alifurahi kama amekutana na jirani. Kipindi cha Tet, mwaka mpya wao, unaoangukia kati ya mwisho wa Januari na karibu tarehe 20 Februari, usiende, treni hujaa na maduka hufungwa. Ukitaka kaskazini, kati na kusini kwa mkupuo, Machi ni salama zaidi. Ukiwa na siku 9 tu, chagua upande mmoja.

Malalamiko nilimpelekea wakala kwa maandishi, pamoja na ramani ya reli niliyoichora kalamu nyekundu. Alijibu baada ya wiki: ratiba ni ya kundi, haibadilishwi. Chini yake akaongeza kwamba ameona picha ya shangazi mtumbwini, anaomba ruhusa aitumie kwenye tangazo lake jipya.

Nikampigia shangazi, nikamsomea. Akauliza watamlipa ngapi.