Marashi ya Zamani: Soma Maandishi Madogo Kabla Hujalipa

Malalamiko ninayoletewa yanafanana: "Nimenunua marashi aliyokuwa akijipulizia mama. Chupa ile ile, jina lile lile, lakini mama simpati." Kisha mtu anaapa kwamba ameuziwa feki. Mara nyingi si feki. Ni orijino kabisa, ila amechukua aina nyingine inayotumia jina hilo hilo.

Uzuri wa chupa na saa ambazo harufu inadumu siviongelei hapa, kila muuzaji anavyo mdomoni. Ninachotaka uangalie ni maandishi madogo chini ya jina: parfum, eau de parfum au eau de toilette. Wengi hudhani tofauti ni ukali tu, kama chai iliyokolea na isiyokolea. Sivyo. Mara nyingi mchanganyiko wenyewe umebadilishwa. Chanel No. 5 ya mtunga marashi Ernest Beaux ilitoka 1921, lakini eau de parfum yake ni kazi ya Jacques Polge ya mwaka 1986. Kama mama yako alijipulizia No. 5 siku ya harusi yake mwaka 1978, basi haikuwa eau de parfum hiyo, hata ununue chupa kumi. Tafuta parfum au eau de toilette. Pua haidanganyiki kirahisi: harufu ina njia fupi sana ya kufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshika hisia na kumbukumbu.

Kati ya marashi haya ya zamani, namba moja kwangu ni Shalimar ya 1925, na sifichi kwamba naipendelea Guerlain, kampuni inayoitengeneza. Inasimuliwa kuwa Jacques Guerlain alimimina vanila ya maabara kwenye chupa ya Jicky, marashi ya familia yao ya 1889, na wazo likazaliwa hapo. Mwanzoni utasikia bergamoti tupu, tunda la jamii ya machungwa lenye uchachu, na hapo ndipo wengi huirudisha mezani. Subiri. Vanila hupanda taratibu ikiwa na moshi na ngozi ndani yake, na ikishakamata mtandio, unaufua na bado imo. Chukua eau de parfum, ila kwanza muulize shangazi alikuwa anatumia ipi.

Ya pili ni Mitsouko, 1919, Guerlain tena (nilishasema). Juu, yaani harufu ya mwanzo, ni pichi; chini, ile inayobaki, ni kuvumwani (ukoga unaoota kwenye magome) ya miti ya mwaloni. Kuvumwani hiyo ndiyo iliyoiponza, kwa sababu ina atranol na chloroatranol, ambazo huleta mzio wa ngozi, na Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku kwenye vipodozi. Kwa hiyo ya bibi huipati sawasawa. Bado naiweka juu ya No. 5, ambayo ni ya tatu.

Ya nne ni Youth-Dew ya Estée Lauder, 1953, iliyoanza kama mafuta ya kuogea yanayotumika pia kama marashi. Pulizo moja linatosha. Opium ya 1977 nimeiacha, maana inayouzwa sasa imetungwa upya na mimi hainigusi.

Za bei rahisi? Kama unayemkumbuka ni baba, nunua Old Spice. Lakini usinunue kopi za marashi niliyotaja: huiga dakika za mwanzo tu, na mtu wako yumo kwenye harufu iliyobaki jioni kwenye kola.

Sasa hawa wauzaji wa chupa za zamani mtandaoni! Chupa imekaa miaka dirishani, jua na joto vimeshaua harufu za juu, rangi imekuwa kahawia, halafu bei ni mara tatu ya mpya eti kwa sababu ni adimu. Ukiuliza ni parfum au eau de toilette: "Dada, ni ile ile, orijino." Ukiomba picha ya kitako, penye namba ya toleo, unatumiwa tena picha ya mbele, safari hii imewekewa maua pembeni.