Nilikwenda kujifunza kusahihisha, nikaambiwa niandike

Nafundisha baiolojia katika sekondari moja ya serikali hapa Marekani, huu mwaka wa 11, na semina za walimu nimezikalia nyingi. Mtaalamu aliyeliacha darasa zamani anasimama na slaidi 80, mnakunywa kahawa, mnapewa faili, faili linakwenda kulala kabatini. Ndiyo maana mwalimu wa Kiingereza wa shuleni kwetu aliponihimiza niombe nafasi kwenye semina ya kiangazi ya National Writing Project, mtandao wa Marekani ambamo walimu wanafundishana kufundisha uandishi, nilimwambia, "Mimi na uandishi wapi na wapi?" Akanijibu, "Kwani ripoti za maabara wanafunzi wako wanaziimba?"

Nikaomba. Kwenye usaili swali la kwanza lilikuwa: ni kitu gani unakifundisha vizuri kiasi cha kuweza kuwaonyesha walimu wenzako? Nilikaa kimya kidogo. Semina zote za nyuma zilianzia kwenye nisichokijua.

Swali hilo ni la tangu 1974. Wakati huo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa kinapokea vijana waliofaulu vizuri kuliko wenzao wa jimbo zima, na bado karibu nusu yao walilazimika kuanza na somo la kurekebisha uandishi. Rahisi ingekuwa kuwatuma maprofesa wakawakemee walimu wa sekondari. James Gray, ambaye naye alifundisha Kiingereza sekondari ya San Leandro kabla ya kuhamia chuoni, alikwenda kinyume. Yeye na wenzake waliwaalika walimu waliokuwa tayari wanafanya vizuri madarasani, wakakaa Berkeley wiki 5 za kiangazi, kila mmoja akawaonyesha wengine anavyofundisha, na wote wakaandika. Ukawa ndio mwanzo wa Bay Area Writing Project. Desemba 1975 jarida la Newsweek likaweka kwenye jalada kilio kwamba watoto wa Marekani hawajui kuandika, na kilichokuwa tatizo la chuo kimoja kikawa cha nchi nzima. Vyuo vingine vikafuata mfano, ukazaliwa mtandao wa National Writing Project, na mwaka 1991 fedha za serikali ya shirikisho zikaanza kuingia. Vituo vilifika karibu 200.

Sasa huduma yenyewe. Asubuhi kila mtu na daftari lake, kuandika tu, hakuna anayekusanya. Halafu mwalimu mmoja anatufundisha somo lake kwa dakika 90, sisi tukiwa wanafunzi. Hapo ubora unapanda na kushuka. Kuna somo la mashairi ya rangi kwa watoto wa chekechea ambalo nililivumilia kwa heshima tu. Mchana ni vikundi vya watu wanne, mnasomeana rasimu.

Kwenye kikundi ndiko nilikopata thamani ya wiki zote. Niliandika kuhusu mtihani wangu wa vitendo wa kidato cha nne, kipimo cha wanga. Niliweka ayodini, nikamsikia jirani akinong'ona "bluu-nyeusi", nami nikaandika bluu-nyeusi. Nilidhani nimesimulia vizuri, na kicheko nimekipata. Mwalimu wa historia akauliza, "Na yako ilikuwa rangi gani?" Kurasa 2 nzima sikuwa nimeitaja! Ilikuwa kahawia. Haikubadilika hata kidogo.

Tangu siku hiyo wanafunzi wangu hawaanzi na vichwa vya lengo, vifaa na njia. Wanaanza na aya moja: umeona nini kwa macho yako, hata kama ni tofauti na kitabu. Hivyo vichwa tunavipanga baadaye. Ripoti zimekuwa chafu zaidi, na kwa mara ya kwanza ninapozisoma najua nani alifanya jaribio na nani alinong'onezwa.

Kasoro zipo. Kituo nilichohudhuria, chuo sikitaji, kilitupa wiki 3 tu, na zamu yangu ya kufundisha iliangukia Alhamisi ya mwisho, watu wakiwa wameshaanza kufunga virago. Maoni niliyopata ni "nzuri sana" sita. Posho ilichelewa mpaka Oktoba. Ufinyu wa muda sishangai sana: mwaka 2011 fungu la moja kwa moja la serikali ya shirikisho lilifutwa, na tangu hapo mradi umekuwa ukishindania ruzuku hapa na pale. Lakini kuzungusha ratiba ili wa mwisho asipunjwe hakuhitaji bajeti ya Washington.

Kikwazo kingine kitakungoja shuleni kwako. Mkuu wa shule aliniuliza nimerudi na nini, akitarajia chati ya kubandika ukutani. Nikamwonyesha daftari. Akalitazama kama risiti ya duka asilolijua.

Kama unataka mazoezi yaliyokwisha tayarishwa ya kutoa nakala kesho asubuhi, usiende, utakasirika. Mwalimu wa hesabu, wa sayansi, wa ufundi, nenda, usidhani ni mambo ya watu wa fasihi. Ukiitwa kwenye usaili, peleka somo unalolijua mpaka pale linapokushinda. Na siku ya kupanga ratiba wahi mapema, uchukue zamu ya wiki ya kwanza.