Handikapu kwenye maduka ya kubeti Kampala: tumeikagua

Kasoro kubwa ya handikapu, yaani kubeti huku timu ikikatwa au kuongezewa mabao kwenye hesabu, iko kwenye maandishi ya tiketi. Karani akikuandikia -1 (timu yako inakatwa bao moja), muulize kwanza ni ya Kiasia au ya Kizungu, maana malipo hayafanani. Tuseme Vipers inacheza na KCCA, umeweka dau la shilingi 10,000 kwa Vipers -1, na Vipers ikashinda 2-1. Ya Kiasia inakurudishia 10,000 zako. Ya Kizungu, ambayo kwa kawaida huandikwa 0:1 (mpinzani anaanza na bao moja), inahesabu sare, na tiketi yako imekufa. Watu wengi hugombana na karani hapo, na mara nyingi karani ndiye mwenye haki.

Handikapu za robo bao, kama -0.75, ndizo bora kwa anayejua hesabu. Vipers -0.75 kwa odi (namba inayozidishwa na dau) ya 1.90: nusu ya dau inaenda -0.5, nusu -1. Ikishinda kwa bao moja, 5,000 inalipa 9,500 na 5,000 nyingine inarudi, jumla 14,500. Ikishinda kwa mawili, 19,000. Sare, hupati kitu.

Ukibeti ya Kiasia mechi ikiendelea, mabao yaliyokwisha kufungwa hayahesabiwi. Muda wa nyongeza pia haumo, dakika 90 na za majeruhi tu.

Odi za 1.90 kwa 1.90 zinampa mwenye duka faida ya karibu 5%. Zikishuka hadi 1.80 pande zote, acha.

Chini ya miaka 25, sheria ya Uganda hairuhusu kubeti.