TAHADHARI: Wenye grenda na drili Arusha, ukiambiwa "amecha imeungua" usitoe hela kabla hujaziona kaboni

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa na hasira ila ntajitahidi niwe mpole. Kwa asiyejua, amecha ni ile sehemu yenye koili inayozunguka ndani ya mota, na kaboni ni vile vipande viwili vyeusi vinavyogusa shaba yake kupitisha umeme. Mimi nachomelea mageti na madirisha hapa Sakina, bila grenda sina kazi. Wiki mbili zilizopita niko katikati ya kukata skwea paipu grenda ikazima pap, kama luku imeisha. Hakuna moshi, hakuna harufu, hata nguvu haikupungua kwanza. Nikahamisha soketi, wapi. Geti la mteja natakiwa kukabidhi Jumamosi, basi nikapanda kifodi mpaka mitaa ya Kilombero hapa hapa Arusha kwa fundi mmoja nilieelekezwa tu na mtu.

Jamaa hata bisibisi hakushika. Akaichomeka, akaitikisa sikioni kama anasikiliza nazi, akasema "amecha imeungua kaka, mpya elfu 65 na ufundi humo humo, njoo kesho". Nikatoa. Risiti sikuomba, hapo najilaumu mwenyewe.

Kesho yake grenda inawaka, nikafurahi. Siku ya tatu naanza kuona cheche kwenye matundu ya hewa, sio zile ndogo za bluu chini ya kaboni ambazo kila grenda ya kaboni inazo, hizi zinazunguka duara zima kama pete ya moto, na mlio umekuwa wa kukwaruza. Nikazima nikaifungua mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana wakati nabadilisha beringi nilivunja jino moja la feni ya plastiki inayokaa kwenye amecha. Hiyo "amecha mpya" ina feni yenye pengo lile lile! Nikajisemea labda kaihamisha feni, ngoja nisimsingizie mtu. Nikapitisha ukucha kwenye komyuteta (ile pete ya vipande vya shaba kwenye amecha ambayo kaboni zinaigusa), ukakwama kwenye ngazi, yani ile njia ambayo kaboni imeila shaba kwa muda mrefu. Amecha mpya shaba yake iko sawa mwanzo mpaka mwisho, hiyo ngazi ingetoka wapi? Nikakwangua vanishi nyekundu kwenye koili, ilikuwa bado inanata kidoleni, chini yake vumbi la chuma la kwangu mwenyewe nalolijua. Ni amecha yangu ile ile kapaka rangi.

Kumbe ugonjwa ulikuwa nini? Kaboni zimeisha, basi! Kuna fundi wa zamani hapa jirani ndo kanifafanulia, kaboni za grenda nyingi zina kapini kenye springi ndani yake, kaboni ikilika ikabaki fupi kile kipini kinachomoza kinaisukuma isiguse shaba, mashine inazima ghafla ili komyuteta isiharibike. Imezima yenyewe kujilinda, na huyu bwana anajua kabisa hilo, ndo maana hakufungua mbele yangu. Kaboni jozi moja mimi nimeuziwa elfu 3.

Kinachoniuma zaidi sio hata hiyo 65. Kaboni alizoniwekea amezisugua kutoka kwenye kaboni kubwa za mashine nyingine, zinacheza kwenye nyumba yake, hiki kipini hazina, na uso wake haujakaa na mviringo wa shaba. Halafu komyuteta kaing'arisha na ule msasa mweusi wa chuma, chembe zake zimejaa kwenye mifereji kati ya vipande vya shaba. Pale panatakiwa pawe safi, ukitaka kusafisha tumia msasa laini wa mbao halafu pitisha kitu chembamba kwenye kila mfereji. Nikaazima mita ya mkononi ya mafundi umeme (multimita), nikagusisha waya mmoja kwenye shafti na mwingine kwenye shaba, ikalia piiii. Haitakiwi kulia kabisa pale, maana yake umeme unapita mpaka kwenye shafti. Sasa ndo imeungua kweli, ameiua yeye.

Nimerudi kwake, kaniambia "feni nilihamisha, na wewe umeibebesha mzigo mkubwa". Kuhusu ile ngazi kwenye shaba hakujibu, akaanza kuhudumia mteja mwingine. Mteja mwenyewe mama kaja na blenda, nikasikia "amecha imeungua mama". Nikamwambia mama chukua blenda yako tuondoke.

Sasa wewe mashine ikizima ghafla bila harufu, angalia kwanza waya pale unapopinda karibu na plagi na kule unapoingia kwenye mkono wa mashine, unakatika sana ndani kwa ndani. Halafu fungua vile vifuniko viwili vya pembeni kwa bisibisi bapa (grenda nyingine viko chini ya kava la nyuma) uzitoe kaboni. Ikibaki kama milimita 5 badilisha zote mbili, sio moja. Kama ni drili, ukiwasha haiendi mpaka uisukume, au inaenda kwa kushtuka, bado anza na kaboni. Amecha iliyoungua mara nyingi pua inakuambia, vanishi ikiungua harufu yake haijifichi, na shaba unakuta baadhi ya vipande vimekuwa vyeusi kuliko wenzake. Na kama ni kweli inabadilishwa, ifunguliwe ukiwa umekaa hapo, na ile ya zamani unaondoka nayo.

Kama kuna mtu anajua fundi wa kusuka amecha ndogo (kuzungushia koili upya), Arusha au hata Moshi, anaefanya kazi mteja akiona, niambieni, maana sahivi naazima grenda ya jirani na ameshaanza kununa.